Tulikula Wali wa Tajiri, Tukadhani Yamekwisha

Jumamosi, Makambako. Baridi ya Juni.

Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Nimerudi kutoka Njombe nimejikunyata ndani ya koti na bado natetemeka, lakini moyo umechangamka. Nilikuwa nimesahau hali hiyo ikoje.

Leo ukoo umekaa kikao juu ya kifo cha kaka yangu.

Kwa wewe unayepita hapa kwa mara ya kwanza: kaka yangu Festo alikuwa anapakia magogo kwenye malori, kwa tajiri mmoja wa mbao nje kidogo ya mji wa Njombe. Mwezi wa tatu mnyororo ulikatika, magogo yakamshukia. Minyororo ile ilikuwa imechakaa. Festo mwenyewe alishalalamika na wenzake walimsikia. Ameacha mke, Neema, na watoto wawili. Yule mdogo bado anauliza baba anarudi lini.

Tulimzika kwetu Ipelele. Tajiri alikuja. Alileta jeneza zuri kuliko kitanda chochote alichowahi kulalia Festo, akaleta mchele, sukari na gari la kubeba waombolezaji. Baba mdogo Elia, ambaye ni mzee wa kanisa na msemaji wa ukoo wetu, alisimama kaburini akamshukuru. Akasema sisi na tajiri hatudaiani neno, yamekwisha. Watu wakaitika amina, kisha tukaenda kula wali.

Hapo ndipo tulipojifunga wenyewe.

Kwetu, mtu akikulisha msibani unaona aibu kumpeleka mahakamani. Hakuna aliyetukataza wala kututisha. Tulijikataza kwa heshima zetu, na tajiri akawa anatupungia mkono tukikutana naye mjini. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba na mimi nilikuwa napunga.

Wiki chache zilizopita, baada ya ibada, alikuja kanisani kwetu hapa Makambako mama mmoja msaidizi wa kisheria kuzungumza na wajane. Mimi si mjane, mimi ni fundi cherehani mwenye udaku. Nilikaa. Alipomaliza nikamfuata, nikamweleza yote, na habari ya ule wali nikaitoa mwishoni kwa sauti ndogo.

"Dada," akaniambia, "rambirambi ni rambirambi. Fidia ni haki ya waliokuwa wanamtegemea marehemu. Kupokea ile hakuondoi hii."

Nilitamani kulia pale pale. Miezi yote hiyo tumekaa kimya kwa ajili ya mchele!

Akanieleza taratibu, na naziandika hapa nilivyozielewa kwa sababu najua kuna familia nyingine imekaa kama sisi. Kesi ya jinai, ikifunguliwa, ni ya Jamhuri. Mtu anaweza kuhukumiwa na watoto wa marehemu wasipate kitu. Kwa aliyefia kazini kuna fidia ya wafanyakazi. Mwajiri ndiye anayepaswa kutoa taarifa, lakini akinyamaza familia isinyamaze naye, iende ofisi ya kazi ikaulize. Na penye uzembe kuna shauri la madai, hapo utafute wakili au msaada wa kisheria. Sisi akatushauri tuanze na kikao cha ukoo, kipendekeze msimamizi wa mirathi, kisha mahakama imthibitishe. Mjane mwenyewe anaweza kuwa msimamizi. Tena muda una ukomo, kwa hiyo tusisubiri mpaka tupoe.

Basi leo tukakutana Njombe, sebuleni kwa baba mdogo, jiko la mkaa katikati, viazi vya kuchemsha na chai. Hotuba yangu nilikuwa nimeiandaa tangu kwenye basi. Sikufika hata nusu. Shangazi alinikatiza.

"Tulikula chakula chake," akasema. "Leo tumburuze mahakamani? Watu watatuonaje?"

Wajomba wakatikisa vichwa. Baba mdogo alikuwa anaangalia makaa. Nilimwogopa kuliko wote, kwa sababu neno lile la kaburini lilikuwa lake, na mzee kama yeye hapendi kulitengua neno lake mbele ya watoto. Nikajua tumeshindwa.

Neema alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Katika ukoo wetu mke wa kuolewa haongei kikaoni mpaka aulizwe, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akaongea.

"Baba, jeneza tulimshukuru. Chakula tulimshukuru. Hawa watoto wangu, nani aliwauliza kama yamekwisha?"

Hakupandisha sauti.

Baba mdogo alivua kofia, akaishika magotini. Nilidhani anatafuta maneno ya kutufukuza.

"Mimi nilisamehe cha kwangu," akasema. "Cha watoto hakikuwa changu."

Nimempenda yule mzee leo kuliko siku zote za maisha yangu.

Ni yeye aliyempendekeza Neema awe msimamizi. Akasema pia kwamba kesho baada ya ibada atakwenda kwa tajiri mwenyewe, kwa miguu yake. "Nilimshukuru mbele ya watu. Na hili nitamwambia mimi, asilisikie sokoni. Aelewe hatumchukii." Mimi bado namchukia kidogo, naomba nisilazimishwe. Lakini hilo nililimeza pamoja na chai.

Jumatatu Neema anakwenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Naogopa, sitadanganya. Tajiri anaweza kuweka wakili, anaweza kusema Festo alizembea mwenyewe, na mambo haya yanaweza kuchukua muda mrefu. Je, tutakuwa na pumzi ya kufika mwisho? Sijui. Najua tu kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, ndugu zangu wamezungumza juu ya kifo cha Festo bila kuongeza kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Tulipokuwa tunaagana, shangazi, yule yule aliyenikatiza, alivua shali yake ya sufu akamzungushia Neema mabegani. Neema akataka kuirudisha.

"Kaa nayo," shangazi akamwambia, sura bado ameikunja. "Jumatatu utasubiri sana kwenye yale mabenchi, na pale pana baridi."

Jumatatu sifungui cherehani. Nakwenda kukaa benchi moja naye.