Maneno Mafupi ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mwalimu ameshindwa tena kwenye mchezo wetu wa kupanga maneno ya Kiingereza. Alikuwa na vibao vyake saba vya herufi, Z ikiwemo, akavikodolea macho mpaka chai ikapoa. Mwisho akapanga "cat". Paka! Mtu aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na minane! Nikacheka, nikidhani ananitania. Akanikata jicho: unacheka nini, darasa la saba wewe? Ndipo nikaona midomo inamtetemeka.

Na picha ya ubao lazima imfikie binti yake kila jioni. Daktari ndiye aliyesema: mchezo huu ndio kipimo, maneno yakianza kudorora mama aletwe haraka. Binti akiliona neno paka, kesho gari liko mlangoni. Na Mwalimu kila siku ananishika mkono: mwenzangu, usikubali nipelekwe nyumba ya wazee. Miaka sita namhudumia. Nifanyeje?

Nilimlaza kidogo, nikafungua kamusi yake. Nyuma kuna orodha ya maneno mafupi yenye Z. Nikapata "adz". Maana yake tezo. Tezo! Baba yangu alikuwa seremala, tezo ndiyo iliyonisomesha hilo darasa la saba. Nikaondoa paka, nikaweka tezo. Nikapiga picha.

Mungu nisamehe.

Jumatano, 5 Machi

Binti amepiga simu, sauti juu. Mama mdogo, umeona mambo? Mama bado ni wembe! Ananiita mama mdogo tangu mwaka ule wa kwanza. Nikaitikia, wembe kabisa. Nilipokata simu nikaosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Jana niliweka "zit" – chunusi. Leo "fez" – tarbushi. Kumbe ukiwa na Z na irabu moja hukosi neno. Nayaandika kwenye jalada la nyuma la daftari hili, neno na maana yake. Na ngoja niseme ukweli, humu hakuna wa kunisikia: inaninogea. Mimi! Nasifiwa akili na watu wasiojua kama ni yangu.

Ijumaa, 7 Machi

"Zax". Chombo cha kukatia mawe bapa ya kuezekea paa. Nani anaezeka nyumba kwa mawe? Lakini alama kumi na tisa!

Binti amecheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, kama mtu anayesema mvua imekatika: ameahirisha safari ya daktari wa kichwa, ile ya tarehe kumi na saba. Mtu wa kuandika "zax" ana ugonjwa gani? Tusimsumbue mama bure.

Nimekalia kiti cha jikoni. Sikujua kama kuna safari. Hakuna aliyeniambia kama kuna safari!

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka ibadani, nafungua mlango – gesi! Nyumba nzima inanuka. Amefungua jiko, amesahau kuwasha. Yeye yuko mezani, amevaa koti na viatu, mkoba mapajani. Anangoja kengele ya shule.

Nikafungua madirisha yote. Akauliza: wanafunzi wangu wako wapi? Nikamwambia, leo Jumapili, Mwalimu. Akakasirika: basi mbona umenivalisha?

Sikumvalisha mimi.

Angekuwa amepata kiberiti...

Jumatatu, 10 Machi

Nimeng'oa regulata ya mtungi wa gesi. Naipachika nikipika tu, nikimaliza inakaa mfukoni mwa aproni yangu. Mchana kutwa naipapasa kama iko.

Simu nimeishika mara nne. Nikisema, Mwalimu anachukuliwa na mimi nafukuzwa, na ni haki yangu. Nisiposema, atanifia mikononi huku picha zake zinapendeza. Nimesali. Jibu sijalisikia. Au nimelisikia nikajitia uziwi.

Jioni nikatuma "zo". Ng'ombe chotara wa milima ya mbali, sijui hata mkia wake ukoje. Picha ikatoka na ukungu. Binti akajibu kwa kidole gumba.

Alhamisi, 13 Machi

Binti anakuja Jumamosi! Anataka kucheza na mama ana kwa ana, atandikwe kama zamani. Nikasema karibu sana. Nilisema karibu! Ulimi huu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeshafika sebuleni.

Mchana nikajaribu kumfundisha Mwalimu. Nikapanga vibao vitatu: hii ni tezo, Mwalimu, sema tezo. Akanisikiliza kwa makini, kichwa upande. Kisha akasema: vizuri sana, kaa chini. Mpigieni makofi.

Nikaenda kulilia chooni.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika jikoni, mlango nimeurudishia.

Amefika saa nne. Nilikuwa nimeazimia kumwambia palepale mlangoni, nimefanya mazoezi tangu alfajiri. Akanikumbatia kabla sijafungua mdomo. Mama mdogo, Mungu akuweke, bila wewe mama angekuwa wapi? Maneno yote yakarudi tumboni.

Wakaketi. Binti akaanza na "house". Zamu ya Mwalimu. Akawa anavigusa vibao kimoja kimoja, kama anayechambua mchele. Binti akamchokoza: usinihurumie mama, nitandike tu! Mimi nimesimama na sinia ya chai, vikombe vinagongana.

Mwalimu akakisukuma kijibao chake cha kupangia herufi. Kikapita mbele ya Binti, kikafika ukingoni kwangu. Akanitabasamia, uso umekunjuka kabisa.

"Haya mwenzangu. Niwekee, kama siku zote."

Binti akanitazama. Akatoa simu, akaanza kurudi nyuma kwenye picha. Moja. Nyingine. Nyingine. Nikasema nafuata sukari. Sukari ilikuwa mezani.

Kiti kinasogezwa. Mama mdogo, ananiita. Si kwa hasira – afadhali ingekuwa hasira. Anaita taratibu, kama anayeogopa na yeye.

Regulata iko mfukoni, baridi, nzito. Nitaiweka mezani katikati ya vile vibao. Nianze na hiyo, halafu Jumapili, halafu tezo. Mwalimu naye ananiita sasa, anauliza kama nimeshapata neno