Gitaa Lako Limeacha Kunguruma

S.L.P. 41,
Lodwar.
21 Novemba 1976

Mpendwa Kaka Josiah,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, nikitumaini kwamba wewe, wifi Ajwang na watoto mko wazima huko Kisumu. Kile kifua chako kinaendeleaje? Bado unakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, ila jua la Lodwar limenikausha hadi Mama akiniona atauliza huyu ni mtoto wa nani. Shuleni hatujambo. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu wananiamkia "ejok" kwa Kiturkana hata katikati ya somo la hesabu, nami naitika.

Barua yako ya Agosti niliipata. Nimekawia kuijibu kwa sababu sikupenda ulichoandika, na unanijua nikikasirika. Uliniambia niuze gitaa lako uliloniachia, amplifaya, na kile kikanyagio cha kukwaruza sauti, kwa yeyote atakayevitaka. Uliandika kwamba mkuu wa bendi alikuwa na haki ya kukufukuza kule Nakuru, kwamba mkono wako ni mzito na kila unachoshika kinanguruma. Kaka, nilisoma maneno hayo nikalia. Leo nakujibu, na naomba usome polepole.

Gitaa lilinguruma kwangu pia. Mwezi wa Septemba kwaya yetu ilialikwa kwenda Kakuma kufungua kanisa jipya, na katekista Epuyo akaniambia wazi kwamba chombo changu kikiendelea kuunguruma kama lori linalopanda mlima, kitabaki Lodwar. Ndipo nikakipeleka kwa Mutua, fundi wa redio hapa sokoni. Ni mtu mkimya, wa kunena mara mbili kwa siku. Aliniambia nishike nyuzi zote kwa kiganja, kisha niziachie. Ngurumo haikubadilika.

"Mwalimu, ukishika nyuzi, hii kelele ingepungua," akasema. "Huko ndani kuna waya haifiki."

Akalifungua gitaa. Waya mwembamba unaotoka kwenye kile chuma kinachoshikilia nyuzi ulikuwa umekatika, na mahali ulipokatikia pameota kutu ya kijani. Mutua anasema ulikatika zamani sana, pengine hata kabla hujalinunua, maana wewe mwenyewe uliniambia lilikuwa limepita mikono miwili. Miaka minne ulipiga gitaa lenye waya uliokatika, ukaulaumu mkono wako.

Aliulehemu waya ule. Halafu akaomba dukani sanduku tupu la majani ya chai, akabandua ile karatasi ya bati inayong'aa ndani yake, akaitandika kwenye tumbo la gitaa na kuiunganisha na ule waya ili kelele za nje zisipenye. Kikanyagio chako akakichunguza na kukirudisha bila kukigusa. Hakina kosa, alisema, ila kinakuza chochote kinachopewa, kizuri na kibaya. Nakwambia, sijaona fundi anayejua mengi na kuringa kidogo namna ile. Ngurumo ilipungua, ila haikwisha. Iliyobaki ilikuwa ya umeme wa jenereta, nayo, kwa maneno yake, ilitaka waya wa kwenda ardhini, tena penye unyevu.

Tulipofika Kakuma Jumamosi ya wiki iliyopita, jenereta ya kule ikiwa mbali hata haisikiki, tulipigilia nondo nyuma ya kanisa, tukaifunga waya kutoka kwenye amplifaya. Bure kabisa. Mchanga wa kule ni mkavu kama unga. Nikakumbuka habari ya unyevu, nikachukua debe la maji jikoni nikaimwagia nondo. Ngurumo ikashuka, nami nikajiona mhandisi. Baada ya muda mchanga ukayanywa maji yote, ngurumo ikarudi. Nikaenda kuchukua debe la pili.

Hapo ndipo nilipokutana na Akuwam. Ni mama wa makamo, shanga zimemjaa shingoni hadi kidevuni, na ndiye aliyejitolea kutuletea maji ya chai. Alikuwa ameyabeba kichwani tangu asubuhi kutoka mtoni, na mto wenyewe wakati huu ni mchanga mtupu, maji unayachimbua. Alitazama debe, akatazama nondo.

"Mwalimu, wewe nanywesha chuma? Watoto iko hapa na kiu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu siku ile Baba alipotukuta tukiiba sukari. Nilimwomba radhi, nikamweleza shida yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawalijui. Kisha akasema, "Chuma yako nataka maji. Maji iko chini. Peleka yeye kwa maji."

Aling'oa nondo kwa mikono yake, akatangulia kuelekea mtoni. Alipita mahali kadhaa ambapo mimi ningechimba, akikanyaga mchanga kwa kisigino na kusonga mbele. Mwisho alisimama chini ya ukingo, mbali kidogo na kisima, maana alisema kisima ni cha watu na mbuzi. Akachimba kwa kibuyu hadi mkono wake ukazama begani, mchanga ukatoka mweusi na baridi. Tulikuwa watu sita pale tuliokwenda shule, na hakuna aliyeijua ardhi kama yeye. Nilimpenda papo hapo. Waya haukutosha, basi Epuyo akafungua hata ule wa kuanikia nguo pale jikoni, tukaunganisha hadi mtoni.

Nilipowasha, Epuyo alidhani amplifaya imekufa. Kaka, palikuwa kimya. Nikakanyaga kile kikanyagio, bado kimya. Nikagusa uzi mmoja nikauacha ulie. Ulilia, ukafifia, ukafifia, na ulipokwisha nilisikia kengele za mbuzi kule mtoni. Wewe ulikuwa ukinifundisha kwamba sauti isikilizwe mpaka itakapokwisha, nami sikuwahi kuisikia ikiisha kwenye gitaa hilo. Wala wewe hukuwahi.

Jumapili niliwapigia watu wa Kakuma zile nyimbo zote ulizonifundisha. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo.

Nakutumia gitaa pamoja na vyombo vyake vyote. Ekwam, dereva wa lori, ataviacha Kitale kwa mjomba. Mtafute fundi wa kukuwekea nondo penye unyevu, nawe uko kando ya ziwa zima, kwa hiyo sitaki kusikia visingizio. Nisalimie wifi Ajwang, watoto wote, na Mama ukienda nyumbani Krismasi. Mwambie nakula vizuri. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Jambo la mwisho. Baada ya ibada Akuwam aliuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni kaka yangu, lakini ameacha. Akauliza, "Kwa nini naacha, na chuma yake meshapata maji?"

Umjibu wewe.

Ni mimi dadako nikupendaye siku zote,
Sellah