Jibu Alilonipa Kiema Kisiwani

Kabati, Kitui
Jumapili alasiri

Kwa dada yangu mpendwa Wavinya,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Kabati, zangu mimi, za Kiema na za mtoto wetu Katunge, ambaye amefunga chuo na anakula kama mtu aliyekuwa kifungoni. Sisi ni wazima, Bwana anatutunza. Wasiwasi wangu ni wewe. Miguu bado inavimba? Ukitoka kule hospitali ya Wote kwa mashine ya kusafisha damu, kuna mtu wa kukushika mkono mpaka nyumbani, au bado unamwambia shemeji Mwangangi abaki shambani ati unajiweza? Na mvua je, imewafikia huko Kilungu? Hapa ilinyesha mara moja tu, tukabaki kutazama mawingu.

Najua utashangaa kupata barua na simu ipo. Kwa simu ungenikatiza, na maneno niliyo nayo leo hayataki kukatizwa. Kwa hivyo keti vizuri, nyoosha miguu, usome mpaka mwisho.

Dada, tulienda kisiwani. Mimi na Kiema, wawili tu, na mabegi makubwa mgongoni kama wale vijana wa kizungu. Tumerudi juzi na ngozi ya pua bado inanibambuka.

Ilianza hivi. Mwezi uliopita nilimwuliza Kiema swali zito. Swali lenyewe nitakuambia mbele. Unamjua Kiema, yeye ni fundi wa mawe na amekuwa kama mawe yake. Ukimwuliza kitu kidogo anajibu kesho, ukimwuliza kikubwa anatoka nje kunoa patasi. Akanyamaza. Tukala kimya, tukaenda kanisani kimya, mpaka Katunge akaniuliza kama tumekosana. Kisha jioni moja akaingia na mabegi mawili ya mtumba kutoka sokoni, yenye kamba na vifungo kila mahali. Akasema hawezi kunijibu akiwa hapa, ambapo kila saa mtu anabisha hodi akitaka jambo. Twende mahali ambapo hakuna anayetujua, tutembee kwa miguu, na akimaliza kufikiri atanijibu. Kumbe Katunge alikuwa amemwonyesha kwenye simu mke na mume wanaosafiri hivyo, na ndiye aliyemchagulia Wasini, kwa sababu kule hakuna gari hata moja.

Nilifikiri anatania. Tangu tuoane safari zetu ni mazishi, harusi na kutembelea watoto shuleni. Nikafunga mashine yangu ya kushona, nikawaambia wateja nguo zao zitangoja. Tulipotoka asubuhi na yale mabegi, jirani yetu alituuliza tunapeleka wapi biashara. Kiema akamwambia tunaenda kutembea. Akauliza kutembea kwa nani. Kiema akasema si kwa mtu yeyote, na yule mama akabaki amesimama langoni akitutazama mpaka tukapinda kona.

Tulipitia Mutomo na Ikutha mpaka Kibwezi, tukapanda basi la Mombasa, tukavuka Likoni kwa feri, tukaendelea kusini mpaka Shimoni ambapo barabara inaishia majini. Hapo ndipo nilipoiona bahari vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kusema neno la maana, lakini nilichosema ni kwamba maji haya yote na hakuna wa kuyachota. Kiema alicheka mpaka akashika goti. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu uanze kuugua, na wewe unajua anavyokupenda.

Tulivuka kwa mashua, na Wasini ni kisiwa kidogo kilichotulia. Nyumba ni za mawe ya matumbawe, njia ni nyembamba, na mlio mkubwa unaousikia ni wa jogoo, au adhana. Tulipata chumba kwa mama mmoja anayeitwa Zulekha, mjane, mwanamke mchangamfu wa rika lako. Alituuliza, "Nyie mwatoka wapi na mizigo yote hiyo?" Nikamwambia Ukambani, Kitui. Akaniambia Kiswahili changu kinatembea na viatu vya shambani, nami nikamwambia chake kinatembea bila viatu kabisa, na kuanzia hapo tukawa marafiki. Utashangaa, dada. Pale hakuna kisima cha maji matamu. Wanakinga mvua kwenye paa na kuiweka kwenye birika kubwa, wanachota kwa hesabu kama sisi. Nilipomsaidia kuosha vyombo aliona jinsi ninavyotumia maji kidogo, akasema huyu si mgeni.

Alitupikia wali wa nazi na samaki, na mboga ya mwani, ambayo ni majani ya baharini yaliyotiwa ndimu. Kiema aliikazia macho kama mtu aliyeletewa barua ya korti. Kisha akaomba aongezwe.

Kila asubuhi tulibeba mabegi tukatembea. Kuna njia ya miguu inayokata msituni hadi upande wa pili, kijiji cha Mkwiro, na tuliifuata polepole bila haraka ya mtu yeyote. Na huko njiani, dada, Kiema akaongea. Aliongea habari za marehemu ndugu yake Kyule, aliyeingia hospitali kwa upasuaji uliosemekana ni mdogo akatolewa akiwa amefunikwa. Miaka yote hii hajawahi kulitaja hilo. Aliniambia ndiye aliyemshauri Kyule akubali kupasuliwa. Aliniambia akipita karibu na hospitali yoyote huvuka upande wa pili wa barabara. Nilitembea nyuma yake nikitazama lile begi likiyumba mgongoni.

Tulilala Mkwiro, na kesho yake yakatukuta.

Mwenyeji wetu wa huko alikuwa ametueleza kwamba maji yakipwa tunaweza kutembea mbali juu ya mchanga, lakini turudi yakianza kujaa. Tulienda. Ee dada, laiti ungeona. Samaki nyota wekundu wenye miiba, konokono wa kila rangi, vidimbwi vyenye maji safi kuliko ya chupa. Mimi nilikuwa mtoto tena. Kila mara Kiema akisema turudi namwambia bado kidogo. Tulikuwa kwenye fungu la mchanga, kavu kabisa, tukitazama mbele. Hatukujua kwamba maji hayaji kutoka mbele peke yake. Tulipogeuka, kati yetu na nchi kavu palikuwa na mkondo, na mkondo unakimbia.

Hakuna kati yetu anayejua kuogelea. Tungejifunzia wapi, mtoni Kitui ambako tunachimba mchanga kutafuta maji? Tukaingia tukishikana mikono. Maji yalikuwa magotini, halafu kiunoni. Halafu nikakanyaga mahali ambapo hapakuwa na chini. Begi likajaa maji, likanivuta kwa nyuma, nikameza chumvi, nikaona anga ikiwa kijani. Nilimwita Mungu, kisha nikamwita Kiema, na sijui kama sauti ilitoka.

Kiema alivua begi lake akaliacha liende. Akanirukia. Yule mtu ambaye hata mtaro wa mvua anauzunguka akanifuata ndani ya lile shimo, akapitisha mkono chini ya kwapa langu, akawa ananisukuma juu huku yeye mwenyewe maji yanampita kichwani. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta pweza alituona. Anaitwa Halima. Alikuja akitembea ndani ya maji na fimbo yake kama mtu anayekatiza uwanja, akipiga kelele, "Njooni kushoto! Kushoto kuna mwamba!" Akatunyooshea ile fimbo, Kiema akaishika, akatuvuta mpaka kwenye jiwe, na kutoka jiwe hilo akatuongoza hatua kwa hatua hadi ufukweni. Alitugombeza njia nzima. Alisema watu wa bara mnaona bahari ni kiwanja cha mpira. Kisha akavua leso yake ya pili akanifunika, akaenda kututafutia chai.

Tukabaki tumeketi. Kiema alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Begi lake lilikuwa limeshaenda, na nguo zake na viatu vyake vya kanisa. Nilimwomba msamaha kwa kumchelewesha kule mchangani. Hakunisikia. Akasema, "Mutindi, sikufikiri."

Nikamwuliza hakufikiri nini.

Akasema, "Ulipozama sikufikiri kama nitarudi au sitarudi. Nilikushika tu. Sasa mwezi mzima nimekuwa nikipiga hesabu ya kukukataza wewe usimshike dada yako. Mpe."

Ndiyo, dada Wavinya. Ni wewe.

Sasa usiiweke chini hii barua. Nakumbuka ulivyotuambia Krismasi, mbele ya watu wote, kwamba hutaki kusikia mtu wa damu yako amekwenda kupimwa, kwamba huwezi kuishi kwa kumfanya mtu mwingine akatwe. Ulisema kwa ukali na sote tukanyamaza. Nami nilinyamaza nikijua sitatii. Ile mara niliyokuambia naenda Nairobi kununua vitambaa, nilienda kupimwa. Na ile mara nyingine niliyosema kuna harusi, hapakuwa na harusi. Wamepima damu, wamepima figo zote mbili, wamenipiga picha ndani na nje, na daktari ameniambia kwa mdomo wake kwamba figo yangu inakufaa, na kwamba mtu mzima wa afya kama yangu anaishi vizuri na moja. Sikuficha hatari. Nilimwuliza zote, akanieleza zote, nami nikamweleza Kiema, na hilo ndilo lililokuwa swali langu kwake. Sikutaka kwenda bila yeye.

Najua utasema mimi ni mdogo wako na huwezi kunichukulia kitu. Lakini wewe ulinibeba mgongoni ukitafuta maji, ukaacha shule mwaka ule mama alipougua ili mimi nisiache. Hukuniuliza. Sikuandikii haya kulipa, kwa sababu mambo hayo hayalipiki. Naandika kwa sababu nataka kuzeeka nawe. Nataka tugombane juu ya chumvi ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, tukiwa hatuna meno. Pale majini, nilipoona anga imekuwa kijani, nilimfikiria Katunge, nikamfikiria Kiema, na nikakufikiria wewe ukiambiwa. Hilo la tatu ndilo lililoniuma zaidi, mwanaa mwaitu, mtoto wa mama yangu, kwamba nitaondoka na figo zangu nikiwa nazo zote mbili.

Tulirudi kwa Zulekha, naye akampa Kiema kikoi na kanzu ya marehemu mumewe, na ndivyo alivyosafiri mpaka Kabati. Nilipomweleza Zulekha habari zako alinishika kichwa akaniombea kwa lugha ya dini yake, nami nikasema amina. Anakungoja. Anasema upone kwanza, halafu uende ukaonje mwani.

Daktari sasa anataka kutuona wewe na mimi, kila mmoja peke yake kisha pamoja, ahakikishe hakuna aliyelazimishwa. Una haki ya kukataa mbele yake, nami sitakushika kwa nguvu. Ila ukatae ukinitazama usoni. Nitafika Kilungu Ijumaa. Kiema amekwisha kumwambia kontrakta wake kwamba atachukua likizo, kwa sababu baada ya upasuaji anataka mimi na wewe tulale hapa kwetu, kitanda kwa kitanda, na yeye ndiye atakayepika. Hajawahi kupika maishani mwake. Tangu turudi anafanya mazoezi, na ugali wa jana ulibidi ukatwe kwa shoka, kwa hivyo huenda ikabidi tupone haraka.

Nisalimie shemeji Mwangangi na umwonyeshe barua hii ukimaliza kulia. Wasalimie watoto, na akina mama wa kanisa la huko, wasikuache katika maombi. Bwana akutie nguvu mpaka Ijumaa.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Mutindi