Kila Mara Mke wa Mwanangu Akija, Kifo Kinamfuata

Mpendwa Shangazi Chelimo,

Naomba msaada wako kabla sijavunja nyumba ya mtoto wangu kwa mikono yangu, au kabla sijaiacha isimame nikazika mwingine, kwa maana sijui lipi ni baya zaidi na usingizi umenihama. Mimi ni mama mjane, nalima mahindi hapa Kwanza, karibu na Kitale, wazazi wangu walitoka Nyeri wakanunua shamba huku nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na nina kijana mmoja tu, Ngige, fundi wa magari Bungoma mjini, ambaye alioa msichana wa Kamukuywa anayeitwa Naliaka, si wa kabila letu. Sikumpinga. Wengine kanisani walininong'oneza kwamba nitaletewa mila za watu, nikawajibu kijana amependa, mimi ni nani.

Shangazi, huyu msichana ana kitu kinachomfuata. Mwaka juzi alikuja mara ya kwanza kutusaidia kuvuna, tukavuna, tukapukuchua, tukaingiza magunia ndani ya nyumba kwa sababu ghala langu wezi walishalivunja na siku hizi hapa kwetu hakuna anayeacha mahindi nje, tukayapanga katika chumba cha watoto, tukaweka dawa ya wadudu, tukafunika na turubai, kazi yote nikiifanya pamoja naye tukicheka, na baadaye nikaanza kusikia harufu kama ya omena iliyooza, na nyumbani kwangu samaki hawapikwi, sikulelewa nikila na sijajifunza. Nikajua ni yeye, watu wa kwao wanapenda omena, nikamuuliza, akamwaga mfuko wake wote mbele yangu akasema, "Mama, mimi hata sijabeba omena, si uangalie mwenyewe." Kweli hakukuwa na kitu. Lakini harufu ilikuwepo, kichwa kikaniuma, kifua kikanibana, moyo ukaniambia kuna jambo linakuja. Wangui, binti ya dada yangu, alikuwa amekuja likizo kwangu na alikuwa akilala chumba hicho, akaamka anatapika, anasema kifua ni kizito, tukampa maji ya chumvi na sukari tukidhani ni tumbo, na kabla ya jua kuzama alikuwa amenifia mikononi. Watu wakasema ni chakula. Chakula tulikula kimoja sote.

Mwaka jana Naliaka akaja tena kuvuna akiwa mjamzito, safari hii na mvulana wake, Kagwe, aliyepewa jina la marehemu mume wangu, na kwetu mtoto wa jina la babu ni kama babu amerudi, kwa hivyo nikasema huyu atalala kwangu katika nyumba kubwa, chumba cha watoto. Ngige na mkewe walilala nyumba ndogo ya nje, kwa sababu mke wa mwana halali chini ya paa moja na mama mkwe, hata kwa akina Naliaka ni hivyo. Tukaingiza mahindi, tukafunika, na harufu ikarudi, Shangazi, harufu ileile, na moyo wangu ukagonga vilevile, na Kagwe akafa akitapika kama Wangui. Nilimtazama Naliaka akigaagaa chini kwa kilio nikajiuliza mbona yeye hana hata kikohozi.

Nataka uelewe kwamba mimi si mtu wa waganga, naimba kwaya ya akina mama, lakini moyo wangu haujawahi kunidanganya. Siku mume wangu alipokufa niliacha jembe shambani nikaenda nyumbani kabla sijaitwa. Nikimfikiria kaka yangu wa Nakuru, simu inalia, ni yeye. Pasaka ya mwaka huu Naliaka alikuja tukapanda, akakaa wiki nzima, hakukuwa na harufu wala maradhi, lakini nadhani kitu chake kilikuwa kimelala.

Sasa mwaka huu amekuja na mtoto wa kike, ndio ameanza kutembea, amepewa jina langu, Wakiuru. Tulipomaliza kupanga magunia na harufu ikaja, sikungoja. Nilimwambia mbele ya Ngige na majirani, wewe mwanamke ulimla mtoto wako mwenyewe na huyu humli, nenda kwenu. Aliponyoosha mikono amchukue mtoto, Ngige akamzuia, akanipa mimi. Sasa Naliaka yuko Kamukuywa kwa wazazi wake, Ngige amerudi Bungoma na kila siku ananipigia, "Mami, wewe sema tu. Ukisema nimwache kabisa, nitamwacha." Wazee wetu wanakutana Jumamosi wasikie neno langu.

Mtoto niko naye. Namlaza chumba cha watoto, nafunga mlango na madirisha na kuziba nyufa kwa matambara ili hicho kitu kisipate pa kuingilia. Lakini harufu haijaisha, na leo amekataa uji, na kidogo alichomeza amekitapika. Niambie, ni moyo wangu unaona kweli, au ni mambo yamekutana tu? Nimjibu nini kijana wangu?

Mimi ninayelia,
Mama Ngige, Kwanza

SHANGAZI CHELIMO ANAJIBU

Mama Ngige, wasomaji wajue kwanza kwamba barua yako ilinifikia kwa simu na sikungoja siku ya gazeti. Nilipofika kwenye uji uliotapikwa nilikupigia, ukaanza kunisimulia upya kuhusu omena, nikakukatiza vibaya. Nilikwambia mtoe mtoto humo ndani sasa hivi, acha hata blanketi, tafuta pikipiki mwende hospitali Kitale, umwambie daktari kwamba mtoto amekuwa akilala na mahindi yaliyotiwa dawa. Ulikasirika. "Mimi nakulilia na wewe unanipigia kelele?" Ndiyo, nilipiga kelele, na ningerudia. Lakini ulienda, na kwa hilo nakushukuru kwa moyo wangu wote. Ninapoandika haya Wakiuru mdogo yuko wodini, anapumua kwa oksijeni, na madaktari hawajaahidi kitu. Mimi pia siahidi.

Umeniruhusu nichapishe, na majina nimeyabadilisha. Nachapisha kwa sababu najua ni nyumba ngapi kuanzia Kwanza mpaka Kamukuywa ambazo wakati huu zimelaza watoto kando ya magunia kwa kuogopa wezi.

Vile vidonge vya dawa ya wadudu mlivyoweka chini ya turubai vikikutana na unyevu vinatoa hewa ya sumu, na hewa hiyo ndiyo inayoua wadudu. Haitofautishi mdudu na mtoto, na turubai la nyumbani haliizuii. Wako wanaoisikia kama kitunguu saumu, wako wanaoisikia kama samaki aliyeoza, na wako wanaokufa bila kusikia chochote. Inauma kichwa, inabana kifua, inatapisha. Umeyataja yote haya mwenyewe, mama, mstari baada ya mstari, ukadhani unanieleza habari za mke wa mwanao. Mimi si daktari, na Wangui na Kagwe walizikwa bila kupimwa, kwa hivyo siwezi kukuapia. Lakini daktari aliyempokea mtoto aliposikia neno dawa hakuuliza tena habari za chakula.

Sasa swali lako, kama ni moyo au ni mambo kukutana. Tuanze na kaka yako wa Nakuru. Umemfikiria mara ngapi simu ikanyamaza? Hukumbuki, na hakuna anayekumbuka, hata mimi huwa nakumbuka zile zilizolia tu. Hapo ni mambo yamekutana, basi. Kuhusu mume wako, nilikuuliza kwenye simu kama alikuwa mgonjwa, ukasema alikuwa ameugua tangu palizi. Basi uliacha jembe kwa sababu uliuona uso wake ulipokuwa ukitoka nyumbani, na macho yako yakaelewa kabla hujakubali kuelewa. Huo ndio moyo unaousifu, na sikudharau kwa huo, ni macho ya mke aliyemuuguza mumewe.

Na Naliaka? Anakuja wakati wa mavuno kwa sababu ni mke wa mwanao na mavuno yanataka mikono. Dawa nayo inakuja wakati wa mavuno. Wamefika mlangoni pako pamoja, ukamtazama mmoja tu. Pasaka alikuja, dawa haikuwepo, hakuna aliyeumwa, nawe badala ya kushtuka ukasema kitu chake kimelala! Ukashangaa hana kikohozi, na wewe mwenyewe ndiwe uliyeniambia kwamba mila ilimlaza nje. Ukamfukuza, harufu ikabaki, na bado hukujiuliza. Mama, hata mtu anayeibiwa nyama akimfukuza paka na nyama ikaendelea kuliwa, atatazama upya.

Nitakwambia kinachoniuma zaidi. Ulinusa kweli. Hatari ilikuwa ndani ya nyumba yako na mwili wako ukaijua, kichwa na kifua vikakupigia kelele. Kisha ukaichukua harufu hiyo ukampachika msichana wa watu kwa sababu kwao wanakula omena. Kama ungefuata pua yako hatua chache tu ungefika kwenye turubai. Ulifuata maneno ya kanisani uliyonong'onezwa, ukaziba nyufa kwa matambara, mtoto akiwa ndani. Nimeandika mstari huu nikilia, na mimi si mtu wa kulia kwenye kazi.

Sikuiti muuaji. Hukujua, na vidonge hivyo unapimiwa dukani ndani ya kipande cha karatasi kama njugu, bila maneno yoyote. Lakini sasa unajua, kwa hivyo nisikilize.

Nyumba hiyo iachwe wazi na asilale mtu ndani. Magunia usiyaguse wala usimwagie maji. Mwite afisa wa kilimo wa wadi aje ayaone na akwambie lini ni salama kuingia. Mavuno yajayo kausha mahindi mpaka yakauke kweli, tumia yale magunia yasiyopitisha hewa, ambayo hayahitaji dawa, au jenga ghala uweke kufuli na mbwa. Wakikuibia, watakuwa wameiba mahindi tu.

Ngige, najua mama yako atakusomea hapa. Wewe ni mwanamume mwenye ndevu na ulimzuia mke wako asimchukue mtoto wake, ukaenda Bungoma kungoja uambiwe kama uliyelala naye miaka yote hii ni mchawi. Ulipopoteza mtoto, yeye alipoteza mtoto huyohuyo. Nyamaza sasa, usijitetee, toka Bungoma uende ukae wodini na mwanao.

Jumamosi wazee wakikutana, Mama Ngige, nenda. Simama uwaambie ni nini kilichowaua Wangui na Kagwe, na uwaambie kwamba kesi ya Naliaka imekwisha. Mwambie dada yako pia, maana binti aliyekufa alikuwa wake na ana haki ya kujua. Usimtume mtu.

Lakini Jumamosi ni mbali na kuna jambo haliwezi kungoja. Nilipokuuliza kwenye simu kama Naliaka anajua mtoto wake yuko hospitali, ulirudi kunieleza habari za wazee. Hajui. Mtoto anapigania pumzi na mama yake yuko Kamukuywa anapika chai akidhani mtoto yuko salama kwa bibi yake. Ndiyo maana jibu hili nakutumia kwa simu kabla halijachapishwa, na ukimaliza kulisoma, nenda Kamukuywa leo. Usibebe sukari na unga wa kuombea msamaha. Mwambie kwanza mtoto yuko wapi, kisha umpeleke kwa mwanawe. Mkishafika kando ya kitanda, umwambie Ngige akisikia, "Kagwe hukumuua wewe. Dawa niliweka mimi." Usiongeze neno "lakini".

Anaweza kukusamehe. Anaweza asikutazame tena maisha yake yote. Asipokutazama, usije ukaniandikia kuniuliza hiyo ni ishara ya nini. Ni mama aliyezika mtoto wake, kisha ukamwambia mbele ya majirani kwamba amemla.