Dawa ya Chunusi Niliyoificha Chini ya Godoro

Dar es Salaam

Mke wangu Kandida,

Hamjambo hapo Lituhi? Mwanetu Osmund, kikohozi kimemwacha? Na mama yangu, miguu bado inamsumbua? Mwambie shikamoo yake naileta kwa karatasi hii. Mimi mwili mzima. Kinachouma ni roho, na leo nitasema, maana nimenyamaza wiki tatu.

Ulinitumia cheti cha yule daktari wa ngozi wa Mbinga, ukaniomba tyubu ya pili ya tretinoini, ile dawa yako ya kupaka ya chunusi, kwa kuwa huko imekwisha. Nikakujibu kwamba maduka yote hayana. Kandida, nilidanganya. Siku hizi maduka ya dawa hapa yamefunguliwa kila kona, na niliipata siku ileile. Nikaificha chini ya godoro.

Sababu ni barua ya dada Skola. Wifi yako aliandika kwa furaha tu: eti uso wako sasa laini, eti wenzako wakianika usipa, dagaa wetu wa ziwani, juani wewe uko chini ya mwavuli, na yule mnunuzi wa dagaa kutoka Songea akifika anaanzia kwako, tena anakushikia huo mwavuli wakati unageuza samaki. Anakushikia. Mwanamume mzima ameacha mizani yake. Nilipasoma hapo mara nne.

Muuza dawa naye alikuwa amenichochea. Alinieleza vizuri: kiasi cha punje ya mbaazi, wakati wa kulala tu, jua alikwepe, na asishike mimba akiwa anaitumia. Nikamwuliza, "Mimi niko hapa mbele yako, mimba atashika ya nani?"

Akanitazama. "Baba, mimi nauza dawa tu."

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilipokuja kukuposa kwenu Mapera, wenzangu walinicheka kwa ajili ya chunusi zako. Mimi nilifurahi. Nilijua hakuna atakayenizunguka. Miaka yote hii nikiwa mbali nimelala usingizi, nikizitegemea chunusi hizo zinilindie nyumba. Ulikuwa unaficha uso kwa kanga hata kanisani, nami sikuwahi kukutafutia walau sabuni. Ndivyo nilivyo na wivu, mke wangu, na wala sijivunii.

Halafu nikafanya ujinga. Nilijitazama kwenye kioo, nimechakaa kwa saruji, nikasema huyu atasimama vipi kando ya mke anayeng'aa? Nikaifungua tyubu yako. Punje ya mbaazi nikaona ni ya wanawake. Nikajipaka uso mzima kama mafuta ya nazi, asubuhi tatu mfululizo, kisha napanda kwenye jukwaa la ujenzi kupiga plasta juani. Siku ya nne uso uliwaka kama umepakwa pilipili, na ngozi ikabambuka vipande vipande. Msimamizi akanirudisha chumbani. Mafundi wananiita Nyoka, eti najivua gamba.

Nimekaa ndani siku mbili, nakwepa hata jua la dirishani. Ndipo nikakumbuka kwamba wewe umeibeba dawa hii miezi mitano, na kazi yako yote ni ya juani, na hukuniandikia kwamba inachoma. Huo mwavuli haukuwa maringo.

Nisalimie baba mkwe huko Mapera, na mama mkwe, na katekista wetu aliyetupa mafundisho ya ndoa. Dada Skola mwambie barua yake niliipata, ila mengine awe anabaki nayo.

Bosco, mtoto wa mjomba, anakuja na basi la Songea. Nimemkabidhi tyubu mpya, haijafunguliwa. Ipake kama ulivyoelekezwa. Wivu bado ninao, sikufichi, na kesho nitaamka nao. Lakini sitakuzuia tena kupona.

Mumeo,
Kastori