Kibao Kimoja, Wanawake Arobaini

Jumatatu, 3 Machi
Tamponi moja, ile pedi ya kuingiza ndani, toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Masaa kumi! Si kwa kupenda. Laini yetu hapa kiwandani ina washonaji arobaini, wanawake watupu, na kibao cha ruhusa ya choo ni kimoja. Huna kibao shingoni, hutoki. Supavaiza wetu, Kipenga, anakilinda kama mboni ya jicho.
Nimesoma ile karatasi ya ndani ya boksi. Badilisha kila masaa manne, yasizidi manane. Ikikaa sana inaweza kuleta ugonjwa — wa nadra, lakini wa kulaza mtu. Miaka yote naitupa! Mjinga mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimewasomea wenzangu wakati wa chakula. Vicheko! Shoga yangu wa cherehani ya jirani kauliza, haipotelei tumboni? Ipotee iende wapi, wee, huko ndani kuna mwisho, na uzi unabaki nje. Nikatumbukiza moja kwenye glasi ya maji. Ikavimba. Mama wa pasi, yule anayenyoosha mashati yetu, akasema mambo haya hayasemwi mezani — kisha akasogeza kiti aone vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwomba Kipenga vibao zaidi. Kajibu kwa sauti, laini nzima isikie: mkishindwa kujizuia, vaeni nepi.
Mori ukanipanda. Moja kwa moja kwa meneja, wenzangu sita nyuma yangu. Nikamsomea ile karatasi neno kwa neno. Mficha uchi hazai! Mstari wa kwanza nilisoma kwa sauti ya chini, wa pili nikaipandisha. Meneja kauliza, mkitoka ovyo nani atashona? Nikamwambia, na tukilazwa je? Akaiomba karatasi.

Ijumaa, 7 Machi
KIBAO KIMEONDOLEWA! Mwenye haja anakwenda. Na mashati ya hesabu ya siku yametimia yote, hata moja halikubaki. Mama wa pasi kanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Nina furaha, jamani, nina furaha!

Jumatatu, 10 Machi
Meneja anataka nizungumze na laini zote nane kuhusu ile karatasi, saa hii hii, wanaume wamo. Naandikia chooni. Mashine zinazimwa moja moja. Sijawahi kukisikia kiwanda hiki kimya.
Mlango unagongwa. Kipenga! Anasema taratibu, mama, watu wanakungoja. Mama! Miaka sita nilikuwa "we namba kumi na saba".
Nimemwambia asubiri. Niko chooni.