Gogo la Mopane Mlangoni kwa Mama

Kwa Mama, Serowe,
Botswana.
11 Juni 2023

Mpendwa Mjomba Rapula,

Shikamoo, Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Winnipeg, na kwamba goti lako limetulia sasa kwa kuwa theluji imeisha na huna tena ya kuparua mlangoni. Na Henri wako hajambo? Moyo wake unaendeleaje na zile dawa mpya? Mwambie picha ya nyanya zake ilitufikia, na mimi fundi wa visima nimezionea wivu, maana huku maji ninayapandisha mimi lakini nyanya zangu zote huliwa na kuku.

Sisi huku tu wazima. Baridi imeingia, alfajiri unakuta bakuli la maji ya mbwa limeshika barafu juu. Mvua ilikuwa haba, ng'ombe wa Mama wamekonda ila wanasimama. Mama mwenyewe ana afya njema, na ulimi wake una afya kumzidi.

Mjomba, Gorata amejifungua! Mtoto wa kike, katikati ya Mei, hospitali ya hapa hapa Serowe, salama salimini. Wewe unajua safari zetu za kwa madaktari wa Johannesburg, na unajua ule mwaka tuliokata tamaa nikakupigia simu nalia. Sasa tuko watatu. Mtoto ana masikio ya Gorata na hasira za Mama, sijui hizo kazipata wapi.

Sasa nikusimulie lililonifanya nikae chini kukuandikia, maana kwa simu ungenikatiza kwa kicheko.

Umekaa huko miaka thelathini, labda umesahau mambo ya uzazi ya nyumbani. Mwanamke akijifungua anarudi kwa mama yake, anafungiwa ndani kama miezi mitatu, analishwa uji na nyama mpaka mashavu yang'ae. Gogo linalazwa kwenye kizingiti, na likishalazwa hakuna mwanamume anayevuka, baba wa mtoto ndiye wa kwanza kuzuiwa. Wanaingia wanawake tu. Gorata, kama ujuavyo, mama yake alishafariki, na shangazi zake wa Kanye walituma ujumbe mfupi kwamba habari hizo tusiwapelekee uani kwao. Nikaanza kupanga likizo nimlee mwenyewe kwetu Palapye. Ndipo Mama akapiga simu. Hakusalimia. "Mlete huyo binti hapa," akasema, na kabla sijajibu akaongeza, "na ukija uniletee gogo la mti wa mopane. Liwe nene, kavu, limenyooka. Usiniletee fimbo."

Nilifurahi, Mjomba, halafu nikaogopa, na kuogopa kukazidi. Si unamjua dada yako? Ndiye aliyeishusha picha yako ukutani ulipoondoka. Ndiye aliyenishika mkono nikiwa binti wa miaka kumi na tisa akanipeleka kwa yule nabii wa kule mwisho wa kijiji, nikamwagiwa maji ya majivu na kupigwa taulo mbichi mgongoni mpaka sauti ya nabii ikakauka. Kanisa nalo likanitoa kwaya. Mama alikuwa amekaa benchi la mbele siku hiyo, hakugeuka. Baadaye, miaka yote niliyokuja na Gorata Krismasi na misibani, aliitwa "rafiki yake Boikanyo" na kutandikiwa mkeka jikoni pamoja na watoto, mimi nikapewa chumba cha mbele peke yangu. Tulivumilia, kwa kuwa nilitaka kuwa na mama.

Lakini sasa kuna mtoto. Nilichokuwa nakihofia ni kimoja: kwamba atalelewa miezi yake ya kwanza katika ule ua akiwa na mzazi mmoja, na mimi nitakuwa yule rafiki mwenye gari. Nilijiapiza kwamba Mama akinifanya hivyo mbele ya mtoto, nitawachukua watu wangu siku hiyo hiyo na Serowe nitaisahau.

Gogo nililikata karibu na kisima tulichokuwa tunakitengeneza, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Nilidhani ni kuni za kuchemshia maji ya kumkanda mzazi. Siku ya kuwaleta, Gorata na mtoto walitangulia ndani, nami nikaingia nalo uani begani, najisikia mwanamke wa shoka. Mama akaligonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikitimaji, akaridhika.

"Lilaze pale kwenye kizingiti."

Nikalilaza. Nikapangusa mikono, nikanyanyua mguu niingie nikawaone watu wangu.

"We! Unakwenda wapi?"

"Ndani, Mama."

"Ndani wapi? Gogo hulioni?"

"Nimeliona. Si nimelileta mimi?"

"Basi kama umelileta wewe, rudisha mguu."

"Mama, mimi ni mwanamke!"

"Nani kakwambia wewe ni mbuzi? Rudisha mguu, mwanangu, unaingiza vumbi."

Akavuka yeye, akafunga mlango. Nilimsikia Gorata ndani akitoa sauti, sikujua ni kicheko au kilio. Muda huo huo akapita jirani yetu Mama Tiroyaone na makalio yake yote, akavuka gogo bila kuulizwa, akaingia kumwona mtoto wangu.

Mjomba, niliumia. Nilikwenda kukaa ndani ya gari nikajihisi nina miaka kumi na tisa tena, nanuka majivu. Nikasema moyoni, haya, wamenitoa kwaya, sasa wananitoa hata kwa mwanangu. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Ningewachukua siku ile ile kama nilivyoapa, ila Gorata alinipigia simu kutoka mle chumbani, akaninong'oneza, "Mpenzi, vumilia kidogo. Nina mshono, nina usingizi, na mama yako hajanitendea baya lolote. Ananikanda mgongo huku anaimba tenzi." Nikarudi Palapye kinyonge. Wiki nzima sikumpigia Mama.

Jumamosi iliyofuata nikaja tena na sabuni na nepi, nikasimama dirishani. Gorata akamnyanyua mtoto nyuma ya kioo, nikamwona kidogo, mdomo wazi. Mara sauti ya Mama: "Fungeni pazia hilo, jua linamchoma macho!" Ndiyo ikawa ziara yangu.

Jumamosi iliyopita, wanawake wa kanisa walikuja kumwombea mzazi, wamevaa sare zao, wanaimba tangu barabarani. Anayewaongoza siku hizi ni huyo huyo Mama Tiroyaone, ambaye ndiye aliyetumwa nyumbani wakati ule kunipa habari kwamba jina langu limetolewa kwaya. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, natengeneza bomba la Mama linalovuja. Nikainamisha kichwa, nikajifanya sipo.

"Jamani, Boikanyo mbona kakaa nje na upepo wote huu?" akasema Mama Tiroyaone, na nadhani alisema kwa wema. "Si aingie naye ambebe mtoto wa rafiki yake?"

Mama akatoka na mwiko mkononi.

"Rafiki yake nani?"

"Si Gorata..."

"Mama Tiroyaone, wewe umezaa watoto wanne. Mume wako alivuka gogo hata mara moja?"

"Thubutu! Mama yangu angemmwagia maji ya moto."

"Basi na huyu havuki. Umeona wapi mwenye mtoto anaruka gogo? Kalikata mwenyewe, kalibeba mwenyewe, kalilaza mwenyewe kwa ajili ya mwanawe. Mnataka mjukuu wangu augue?" Akawatazama wote, mmoja mmoja, na ule mwiko. "Haya, tuimbe, uji unaungua."

Wakaimba, Mjomba. Wote.

Hapo ndipo akili iliponirudi. Gogo la mlangoni huletwa na baba wa mtoto. Kila mvulana wa Serowe analijua hilo, kwa sababu hufundishwa kwamba siku moja litamhusu. Mimi nani angenifundisha? Kumbe Mama alishaamua tangu ile simu. Alinitaka niwe mzazi kwa kanuni zote, na kanuni zenyewe ndizo zilizonifungia nje. Mimi nikaenda kulia garini! Nililia tena juu ya lile bomba, safari hii kwa furaha, nikayasingizia maji kwamba yameniruka usoni. Mama Tiroyaone alipokuwa anaondoka aliniletea sahani ya nyama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hongera, mwenye mtoto." Na nyama ilikuwa laini.

Jioni tulibaki wawili tunasugua masufuria. Nilikuwa nimekwisha kumaliza langu aliposema, bila kunitazama, "Yule nabii alikuwa na kelele tu."

"Alikuwa na majivu pia, Mama."

"Na majivu." Akasugua kwanza. "Rapula alikuwa ameshaondoka. Nikadhani nikikuosha, wewe hutaondoka."

Hakuniomba radhi, na mimi sikumtamkia msamaha. Nilishika sufuria upande wa pili, ni kubwa lile la misiba, tukalimaliza pamoja. Lakini nakwambia wazi, nimepona, Mjomba. Mgongo wangu ulikuwa umekakamaa mahali fulani miaka ishirini, nami nilidhani ndivyo ulivyoumbwa.

Najua utauliza habari za kanisa, maana huwa unauliza kwa kejeli na bado unauliza. Sijarudi kwenye lile kubwa. Tunasali Jumapili mchana sebuleni kwa Thabang, fundi cherehani, wachache tuliokataliwa sehemu mbalimbali, tunaimba vizuri kuliko wao. Mungu hakuniacha hata siku moja, hilo nimelihakikisha nikiwa peke yangu porini na mashine za visima. Mama anataka mtoto abarikiwe madhabahuni pale pale waliponitolea. Mchungaji kijana amesema atafikiri, na Mama amemjibu kwamba afikiri haraka. Mimi simo katika vita hivyo, nawaangalia tu.

Jina nimetoa mimi, maana nalo niliambiwa ni kazi yangu. Anaitwa Oratilwe, yaani Mungu amempenda. Nililisema dirishani, Gorata akalirudia ndani, na Mama akasema, "Afadhali. Niliogopa utampa jina la pampu."

Mtoto atatolewa nje mwishoni mwa Agosti. Siku hiyo gogo linaondolewa, linapasuliwa, linapikia nyama ya sherehe, nami nitambeba mwanangu mpaka mikono ife ganzi. Mama anataka uje. Amesema sherehe ya mwenye mtoto haiendi bila mjomba wake, na mjomba wangu ni mmoja.

Sasa salamu. Gorata anakusalimu sana na anaomba usilete nguo za mtoto za rangi nyeupe, huku kuna vumbi jekundu. Thabang anakusalimu ingawa hamjaonana. Mama Tiroyaone pia, amesema anakukumbuka ukicheza mpira bila viatu. Mungu awalinde ninyi wawili, awape miguu ya kusafiria na moyo usiosumbua njiani.

Mama amesimama nyuma yangu sasa hivi, kama kawaida yake. Ameuliza, "Umemsalimu mdogo wangu?" Nimesema ndiyo. Halafu akauliza, "Na Henri?" Mjomba, sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Nimemwambia ndiyo, na Henri. Ameniamuru niandike hivi, neno kwa neno: waje wote wawili, watalala chumba cha mbele, kitanda ni kimoja lakini ni kipana, na mashuka nimeshayafua.

Wako akupendaye, bado niko nje ya mlango na nimeridhika,

Boikanyo